Sifuri Haina cha Kukopesha

Mtoto ameandika 375. Swali lilikuwa 403 kutoa 178, na jibu sahihi ni 225. Mwalimu mwenye haraka hupiga alama ya kosa kwa kalamu nyekundu akaenda kwenye swali linalofuata. Mzazi anayeweka shajara huinakili hiyo 375 kama ilivyo, kisha huikodolea macho. Nane kutoa tatu, tano. Saba kutoa sifuri, saba. Nne kutoa moja, tatu. Kumbe katika kila safu mtoto ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Hakubahatisha, wala hakuwa mzembe. Ana kanuni yake na ameifuata kwa uaminifu hadi mwisho, ila kanuni yenyewe ndiyo mbovu. Nilipomuuliza mwanangu kwa nini hakukopa kwenye makumi, alinijibu kama mtu anayemweleza mgeni jambo lililo wazi: “Mama, sifuri haina cha kukopesha.” Yote hayo yaliingia daftarini, na tarehe juu yake.

Huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu. Hauna karakana wala cheti, na wengi wanaoufanya hudhani wanajaza fomu tu. Lakini kati ya daftari la mzazi anayejua kutazama na daftari la mzazi anayetimiza sharti kuna umbali mkubwa, na umbali huo huonekana ukurasa wa kwanza tu.

Tunaishi Pennsylvania, jimbo ambalo limemruhusu mzazi kumsomesha mtoto nyumbani kwa Sheria Namba 169 ya 1988. Masharti yake si haba. Kila mwaka, kufikia tarehe 1 Agosti, mzazi huwasilisha hati ya kiapo kwa wilaya ya shule. Kwa mtoto wa madarasa ya msingi ni siku 180 za masomo au saa 900. Kuna mitihani ya taifa au ya jimbo darasa la tatu, la tano na la nane. Mwisho wa mwaka huja mtathmini, ambaye ni mwalimu mwenye leseni au mwanasaikolojia, akazungumza na mtoto na kupitia jalada la kazi zake. Majimbo mengine yana yake: Missouri inataka saa 1,000, na 600 kati ya hizo ziwe za masomo ya msingi kama kusoma na hesabu, New York inataka ripoti kila robo mwaka, Texas haidai hata barua. Ila katika sheria ya Pennsylvania kuna kipengele kimoja ninachokipenda kuliko vyote. Kinataka orodha ya vitabu na masomo iandikwe wakati ule ule masomo yanapoendelea. Aliyekitunga alikuwa anajua watu. Mzazi anayeketi mwishoni mwa mwezi kuijaza Jumanne ya wiki mbili zilizopita huandika kile alichokusudia kufundisha. Kile kilichotokea kimeshakwenda zake.

Nilifundisha shule ya msingi Kenya kabla ya kuvuka bahari, na makaratasi hayakuwahi kuniishia. Azimio la kazi, andalio la somo, rekodi ya kazi, rejista ya mahudhurio, yote yakisubiri sahihi ya mwalimu mkuu. Sina ugomvi nayo. Darasa la watoto sitini haliendeshwi kwa kumbukumbu za kichwani. Lakini ukiyasoma kwa makini utaona kwamba mtenda katika sentensi zake zote ni mwalimu. Mwalimu ametanguliza mada, ameongoza mjadala, amesahihisha zoezi. Mwanafunzi hutokea mwishoni, kwa wingi, akiwa “aliweza” au “hakuweza”. Mtaala wa umilisi ulipoingia, vikaja vile visanduku vinne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, mbali na matarajio. Ni hatua, nakubali. Lakini mtoto aliyeandika 375 akiwekwa kwenye kisanduku cha “kukaribia”, mzazi wake anajua nini ambacho hakukijua jana? Hukumu imetolewa na ushahidi umetupwa.

Shajara ya nyumbani hugeuza sentensi. Mtenda ni mtoto, na kitenzi ni kile ambacho jicho limekiona au sikio limekisikia: alihesabu kwa vidole akivificha chini ya meza, aliruka ukurasa wenye picha ya nyoka, aliuliza kama mvua ya hapa ndiyo ile ya kwa bibi. Maneno kama “amefurahia”, “ameelewa” na “amefanya vizuri” fundi huyakwepa kama mpishi anavyokwepa kuzidisha chumvi. Hayakatazwi. Ila yakizidi, huonji kingine.

Katika ufundi huu kuna babu mmoja anayejulikana kwa mambo makubwa zaidi. Charles Darwin alipata mtoto wake wa kwanza, William, tarehe 27 Desemba 1839, akaanza kuandika anachokiona. Katika siku saba za mwanzo aliorodhesha chafya, kwikwi, miayo, kujinyoosha, kunyonya na kulia. Siku ya saba aligusa unyayo wa mtoto kwa kipande cha karatasi. Mtoto akaurudisha mguu kwa nguvu na kukunja vidole. Basi. Hakuongeza kwamba mtoto ana akili, wala kwamba ni wa ajabu, ingawa baba yeyote angeshawishika. Maandishi hayo yalilala miaka 37, hadi 1877 alipoyachapisha katika jarida la *Mind*. Fikiria: mtoto wa siku saba alikuwa sasa mwanamume mzima, na karatasi iliyogusa unyayo wake bado ina la kusema, kwa kuwa baba aliandika alichokiona akaacha kuandika alichokitaka.

Mlinganishe na Bronson Alcott, Mmarekani aliyezaa mwandishi maarufu Louisa May. Binti zake wa kwanza, Anna na Louisa, walipozaliwa mnamo 1831 na 1832, aliwaandikia kurasa kwa kurasa, kwa bidii ambayo wachache kati yetu tungeiweza. Alcott aliamini kwamba mtoto huja duniani akiwa bado amebeba nuru ya alikotoka, na hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta kwenye kila tabasamu. Mtu mwenye imani nzito hivyo hapati shida kuona anachokitafuta. Namheshimu kwa upendo wake na kwa wino wake, lakini ningekuwa mtathmini ningeomba daftari la Darwin.

Kuhusu namna ya kuandika, kila nyumba ina yake. Mimi hutumia daftari la kawaida la mistari, upande wa kushoto kwa yale yanayotakiwa na sheria (jina la kitabu, somo), upande wa kulia kwa yale ninayoyataka mimi. Huandika mtoto akiwa anakula au anacheza nje, maana akijua anaandikwa huanza kuigiza, na watoto ni waigizaji wazuri mno. Sentensi tatu hutosha. Siku yenye jambo huchukua ukurasa. Siku isiyo na jambo huandikwa hivyo hivyo, kwa mstari mmoja, na mstari huo usidharauliwe. Ni siku kavu zikifuatana ndizo zinazomwonyesha mzazi kwamba kitabu fulani kimemchosha mtoto, au kwamba kila Jumatatu hesabu hugoma na kila Alhamisi hutiririka. Ukiandika siku za sherehe peke yake utakuwa na albamu ya picha, na albamu haimfundishi mtu kupanga wiki ijayo.

Simu imeleta kishawishi chake. Mtoto akichora ramani, mzazi anapiga picha, anaituma kwenye kundi la familia, wajomba wanaweka vidole gumba, na anahisi siku imeandikwa. Picha inaonyesha ramani. Haionyeshi kwamba mto ulichorwa kwanza na milima ikaja baadaye kwa sababu mtoto aligundua mto lazima utoke mahali. Zipo pia programu za kuhesabu saa na kutoa ripoti yenye michoro ya rangi. Kwa mzazi wa Missouri mwenye saa 1,000 za kujumlisha, heri itumike. Lakini programu huuliza maswali yake, nayo ni yale yale kila siku.

Sehemu iliyo tajiri kuliko zote katika daftari letu ni ya lugha, na kwa familia zetu za ughaibuni nadhani ndiyo yenye thamani ya kudumu. Mtoto anayekulia Kiingereza kikimzunguka hubeba Kiswahili kama maji mkononi, na mzazi haoni kinapovujia. Husema “kitabu yangu”, “viti yote”, “gari yake imevunjika”, nasi tunacheka, tunasahihisha, tunasahau. Ukiandika, unaanza kuona mpangilio: ngeli ya watu imekaa sawa mapema, ya ki-vi inasitasita, na ngeli nyingine zote zimemezwa na ile ya i-zi. Kisha siku moja anasema “kitabu yangu”, ananyamaza, anarudia mwenyewe “changu”. Hakuna mtihani wa jimbo utakaolinasa hilo. Mwalimu wa Kijerumani wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Werner Leopold, alilifanyia kazi jambo la namna hiyo kwa binti yake Hildegard, aliyezaliwa 1930: baba alimsemesha Kijerumani, mama Kiingereza, na baba akaandika. Juzuu zake nne zilitoka kati ya 1939 na 1949, na wataalamu wa watoto wenye lugha mbili huzirejelea hadi leo. Jambo hilo lilianza kwa mzazi mmoja mwenye kalamu nyumbani. Sijui ni nani atakayetuandikia ya mtoto wa Kiswahili na Kiingereza aliyekulia Harrisburg au Minneapolis, lakini malighafi yake iko jikoni kwetu, inasemwa na kupotea kila asubuhi.

Kuna mbinu nyingine ya zamani ambayo mtu wa pwani au wa bara hahitaji kufunzwa. Mwalimu Mwingereza Charlotte Mason, ambaye chama chake cha elimu ya wazazi kilianza 1887, alitaka mtoto asomewe hadithi mara moja tu kisha aisimulie kwa maneno yake. Watoto wadogo, hata wakati wa mitihani ya mwisho wa muhula, walisema majibu na mtu mzima akayaandika neno kwa neno. Sisi tuliolelewa kwa ngano za jioni tunajua kwamba anayeirudia hadithi huonyesha alivyoielewa. Kuiandika ndiko kunakohitaji adabu: usimsafishie sarufi, usimpangie matukio. Sungura akimshinda fisi kabla fisi hajatokea kwenye hadithi, mwache amshinde.

John Holt, aliyekuja kuwa msemaji mkubwa wa masomo ya nyumbani Marekani na kuanzisha jarida la *Growing Without Schooling* mwaka 1977, hakuanza na nadharia. Kitabu chake cha 1964, *How Children Fail*, kina maelezo yenye tarehe, aliyoyaandika akiwa mwalimu na akiwa mtazamaji aliyeketi kwenye darasa la mwenzake. Kwa kutazama macho ya watoto, akawaona wakiwinda uso wa mwalimu kuliko wanavyowinda jibu. Angekuwa anashughulika na alama peke yake, asingeyaona macho.

Wifi yangu aliyeko Kakamega haachi kunitania. “Hiyo shule yenu ina kengele?” Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni, na kwake mtoto asiye na sare ni mtoto aliyefichwa. Nilimsomea kurasa mbili kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mambo kama hayo juu ya wanawe hayajui, na kwamba atamuuliza mwalimu wao kama anayajua. Sikutaka aende kumsumbua mwalimu wa watu sitini. Kinachowezekana kwa mtoto mmoja au wawili hakiwezekani kwa sitini, na tusijivune kwa upungufu wa wanafunzi.

Limebaki swali ambalo mafundi wenzangu hulikwepa: daftari ni la nani? Mtoto wa miaka sita hajali. Wa miaka tisa huomba kusoma, na anachokisoma ni yeye mwenyewe akiwa ametazamwa. Kuna mambo nimeacha kuyaandika kwa sababu hiyo. Machozi ya usiku, ugomvi na mdogo wake, woga wake wa maji, hayo si masomo, na mtathmini hana haja nayo. Mpaka huo kila mzazi auchore mapema, kabla daftari halijageuka kuwa faili la polisi.

Mwanangu sasa husoma na kupinga. Juzi nilikuwa nimeandika kwamba alikataa kumaliza shairi. Aliazima kalamu akaandika chini yake kwa mkono wake: “Sikukata. Nilikuwa nina fikiri.” Nimeyaacha maelezo yote mawili, yangu na yake. Na hayo makosa mawili, “sikukata” na “nina fikiri”, sijayagusa. Mtathmini akija Juni atataka kuona alivyoandika mwezi Machi.