"Reli ya Kisasa": Istilahi Isiyopima

Reli ya Kati, iliyofuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya kale, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upana wake ni milimita 1,000; wa reli mpya, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 2017, ni milimita 1,435. Tofauti hiyo ndiyo iliyostahili jina. "Reli ya kisasa" hutaja umri tu, na kila cha kisasa huchakaa. Tena huifanya ya kwanza ionekane kuukuu, isiyostahili ukarabati. Kwa kuwa tunacho "Kiswahili sanifu", yafaa tuseme "reli ya upana sanifu" na "reli ya upana wa meta". Ipi ihifadhiwe, ipi iboreshwe, hoja na iamue, si jina.