Hesabu ya Joto Juu ya Ziwa Lililoganda

Mtu akikwambia anakwenda kuvua porini siku nne, katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, mahali pasipo barabara wala mnara wa simu, swali linalokuja mdomoni kwanza ni: huko kuna samaki gani? Kwa wazoefu wa mji mdogo wa Ely, kaskazini mwa jimbo la Minnesota nchini Marekani, swali hilo huja mwishoni. Mipango huanza na joto: litatoka wapi, litapotelea wapi, na nini kitakachobaki usiku wa manane jiko likizimika.

Chanzo cha mpangilio huo ni sheria. Jirani na Ely kuna Boundary Waters, pori la hifadhi lenye zaidi ya ekari milioni moja na maziwa zaidi ya elfu moja, lililolalia mpaka wa Kanada. Sheria ya mapori ya mwaka 1964 ililiweka chini ya ulinzi, na nyingine ya mwaka 1978 ikakaza kamba. Kiangazi bado yapo maziwa machache yanayoruhusu boti za injini, lakini pikipiki za theluji, ambazo kwingineko ndizo hubeba mizigo ya wavuvi, zilifungiwa mlango isipokuwa kwenye vipande vichache vya kuvukia kwenda Kanada. Hata keekee ya kutobolea barafu hairuhusiwi ikiwa na mota, iwe ya petroli au ya betri. Kinachobaki ni miguu, mikono, na mbwa wa kuvuta sleji kwa anayemudu kuwakodi.

Katazo hilo ndilo linaloiumba safari nzima. Mvuvi wa ziwa la kando ya barabara huendesha pikapu hadi kwenye tundu lake, na kibanda, mtungi wa gesi na redio viko nyuma. Mwenzake wa Boundary Waters amejifunga mkanda kiunoni na anavuta kila kilo mwenyewe. Kilo zikizidi, anatoka jasho. Jasho likilowesha nguo, anaposimama tu linapoa na kumnyang'anya joto la mwili. Ndiyo maana kwenye safari hii uzito na joto havitenganishwi, na ndiyo maana orodha ya mizigo ya mtu mzoefu huwa fupi kuliko ya mgeni, si ndefu.

Hata hivyo majira ya baridi yana fadhila yake. Kiangazi, kati ya ziwa na ziwa, msafiri hubeba mtumbwi kichwani kwenye vijia vya mawe. Baridi ikiingia, maziwa yenyewe ni barabara. Mkazi wa mwisho wa pori hilo, muuguzi Dorothy Molter, aliishi kisiwani kwenye ziwa Knife hadi alipofariki Desemba 1986. Barafu ya ziwa ilikatwa wakati wa baridi na kuhifadhiwa, na kiangazi ikapoza kinywaji alichotengeneza mwenyewe na kuwakaribisha nacho wapiga kasia. Alipofariki, vibanda vyake vilivunjwa na kuvutwa hadi Ely juu ya barafu hiyohiyo.

Upande wa vibali hauna kazi. Kati ya Mei 1 na Septemba 30 nafasi za kulala porini hugawiwa kwa idadi maalumu. Kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30 unajaza fomu mwenyewe, bila malipo. Kundi lisizidi watu 9, na vyakula vya makopo au vya chupa za kioo haviingii. Ongeza leseni ya uvuvi ya jimbo na stempu ya trauti, umemaliza.

Kuchagua tarehe ndiko kunakohitaji akili. Anayefuatwa ni trauti wa ziwani. Wasomaji wa Nyeri na Meru wanamjua trauti wa mito ya Mlima Kenya, aliyepandikizwa huko enzi za ukoloni. Huyu wa Minnesota ni jamaa wa mbali, mkubwa zaidi, mpenda maji baridi ya kina, na anayekua polepole sana. Kwenye maziwa yaliyo ndani kabisa ya pori msimu wake wa barafu hufunguliwa Januari 1. Yale ambayo sehemu yake iko nje ya mpaka wa pori, kama Snowbank, hungoja hadi katikati ya Januari. Yote hufungwa Machi 31. Wenye pupa hukimbilia siku ya kwanza, wakidhani samaki ambaye hajasumbuliwa atakuwa mwepesi kushika ndoana. Huenda ni kweli, ila mimi naona bei yake ni kubwa mno. Januari mosi huko jua huchomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama kama saa 10 na nusu jioni. Saa hizo ndizo za kutembea, kukata kuni, kusimamisha hema na kuvua, na hazitoshi. Januari na mwanzo wa Februari ndipo baridi hufikia ukali wake: karibu na Tower, mji usio mbali na Ely, Februari 2, 1996 kipimo kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri. Kati ya nusu ya pili ya Februari na katikati ya Machi mchana umerefuka, barafu imenenepa, na usiku unavumilika.

Kisha barafu yenyewe. Idara ya maliasili ya Minnesota hushauri isipungue sentimita 10 kwa mtu anayetembea, ikiwa ni barafu mpya, ngumu na angavu. Barafu nyeupe, iliyotokana na theluji iliyolowa ikaganda, ina nguvu kama nusu ya hiyo, kwa hiyo unene unaotakiwa ni maradufu. Hapa wageni hukosea hesabu kwa kufikiri kwamba baridi ya wiki mbili huleta barafu mara mbili ya ile ya wiki moja. Maji ya ziwa hupoteza joto kwa kulipitisha kwenye barafu iliyokwisha kuganda juu yake, na kadiri barafu inavyonenepa ndivyo joto linavyochelewa kutoka. Baridi isipobadilika, kutoka sentimita 10 hadi 20 huchukua takriban mara tatu ya muda uliotumika kupata zile 10 za kwanza. Theluji ikianguka mapema hali huwa mbaya zaidi, kwa maana theluji mpya huzuia joto kuliko barafu kwa zaidi ya mara kumi. Ziwa lililofunikwa blanketi hilo laweza kukaa na barafu nyembamba mwezi mzima, huku vipimo vya hewa vikimtisha mtu aamini kwamba limeganda hadi chini.

Desemba 2023, wakati wa majira ya baridi yaliyokuwa na joto lisilo la kawaida, watu zaidi ya 100 walikwama kwenye ziwa Upper Red baada ya bamba la barafu walilokuwa juu yake kumeguka na kuachana na ufuko. Waliokolewa wote. Ziwa hilo ni maarufu, lina barabara na waokoaji wa karibu. Sembuse katikati ya pori, ambako msaada ukija haraka sana huja baada ya saa kadhaa.

Kwa hiyo hakuna namba moja ya unene inayotosha kwa njia nzima. Mtangulizi hutembea na mtaimbo mrefu na kuugonga mbele yake kila hatua chache. Ukipenya kwa pigo moja au mawili, anarudi kwa nyayo zake. Penye mkondo wa maji, kwenye mlango wa mto, kwenye shingo nyembamba kati ya maziwa mawili na kando ya mwamba unaofyonza jua, ramani huwekewa alama nyumbani kabla ya kuondoka, na njia huchorwa kupitia nchi kavu hata kama ni ndefu zaidi. Kila mmoja huning'iniza shingoni visu viwili vifupi vya kuchomea barafu ili ajivute akizama. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyeutafiti mwili ndani ya maji baridi, aliweka kanuni ambayo wavuvi wengi wameikariri: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za mikono kuwa na nguvu ya kufanya lolote la maana, na saa 1 kabla ya fahamu kupotea. Visu vilivyo ndani ya begi kwenye sleji havimo katika hesabu hiyo.

Lakini ukiwauliza wazoefu ni nini kinachoharibu safari nyingi, hawatataja kuzama. Watataja rojo. Uzito wa theluji huikandamiza barafu chini, maji yanapanda kupitia nyufa na kutuama juu ya barafu, chini ya theluji, yakiwa yamejificha. Theluji iliyo juu huyakinga, basi hayagandi hata katika nyuzi 30 chini ya sifuri. Sleji ikiingia humo na kutoka, tope lile huganda chini yake papo hapo na kuifanya isiteleze tena. Viatu vya theluji vinakuwa vizito kama mawe. Kundi lililokusudia kufika Thomas, ziwa la trauti lililo ndani ya pori, kwa siku moja kutoka Snowbank, linajikuta likilala nusu ya njia na nguo mbichi.

Dawa yake ni ya kupendeza kwa anayependa fizikia. Jioni, baada ya kupiga kambi, wawili huvaa viatu vya theluji na kwenda kuikanyaga njia ya kesho bila mzigo. Theluji iliyoshindiliwa haizuii tena joto kama ile laini, na rojo lililo chini yake linaganda usiku. Asubuhi kundi huvuta sleji juu ya utepe mgumu, upana wa mabega. Mpango usioacha nafasi ya kazi hiyo ya jioni umepangwa na mtu aliyepima kilomita kwenye ramani tu.

Tuingie hemani. Wengi huko hutumia hema la turubai la pamba lenye jiko la bati jembamba na bomba la moshi. Mgeni akiliona hudhani jiko ni la kulalia. Ukweli ni kwamba jiko la ukubwa wa kuvutwa kwa sleji halishiki moto zaidi ya saa moja au mbili, na kabla ya saa 8 usiku hewa ya ndani imeshakaribiana na ya nje. Begi la kulalia lazima liweze kuistahimili baridi ya usiku ule bila moto wowote, na chini yake viwepo vikinga-baridi viwili, kwa kuwa ardhi na barafu hunyonya joto pale mwili unapoligandamiza begi.

Basi jiko ni la nini? La kukausha. Kila usiku pumzi na mvuke wa mwili huganda ndani ya begi, soksi zimelowa, glavu zimelowa. Usiku wa kwanza mtu hasikii tofauti. Usiku wa tatu begi limekuwa zito na halipashi tena. Anayelala bila jiko ana safari ya usiku mmoja au miwili hivi. Mwenye jiko na kamba ya kuanikia ana wiki. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifaa kinachoamua urefu wa safari, kuliko chakula na kuliko mafuta. Tundu la hewa liachwe wazi daima, maana hewa ya sumu ya moto haina harufu.

Jiko linadai kuni, na kanuni za pori huruhusu miti iliyokufa na kuanguka tu. Miti hiyo wakati wa baridi imefukiwa. Mahali pa kambi basi huchaguliwa kwa kutazama miti mikavu iliyoangukia ufukoni na kubaki imeinuka juu ya theluji, kwanza hiyo, halafu upepo, halafu ndipo umbali wa samaki. Maji huchotwa kwenye tundu la ziwa na kuchemshwa. Anayeyeyusha theluji pembeni ya ziwa anapoteza kuni: kuyeyusha tu kilo moja kunakula joto karibu sawa na la kupasha kilo ya maji kutoka nyuzi sifuri hadi 80.

Chakula hupikwa nyumbani, kinagandishwa kwa vipande bapa, na siagi huongezwa bila aibu, kwa sababu mtu anayevuta sleji kwenye baridi hiyo huhitaji kalori 4,000 na zaidi kwa siku. Soseji na jibini hukatwa kabla ya kugandishwa. Asiyefanya hivyo atazikata kwa shoka.

Uvuvi wenyewe, sasa, ni mfupi kueleza. Barafu ikiwa na sentimita 60, kila tundu la keekee ya mkono ni jasho, basi hutoboi ovyo. Ramani za kina cha ziwa husomwa nyumbani na kuchaguliwa ncha za miamba chini ya maji na vilima vinavyoshuka ghafla kwenye kina. Minnesota huruhusu mishipi miwili kwa mtu kwenye barafu: mmoja unauchezesha mkononi na chambo cha bandia, mwingine una kibendera kinachoinuka samaki akishika kipande cha samaki mfu. Trauti huwinda kwa macho, kwa hiyo mchana ndio wake, saa zilezile unazohitaji kwa kuni. Kikomo ni wawili kwa mtu. Yeyote aliyepanga kula samaki hao badala ya chakula alichobeba amejipangia njaa.

Kurudi hupangwa kwa saa. Mwezi Machi jua hulainisha theluji mchana, usiku hujenga ganda gumu juu yake, na alfajiri sleji huteleza kwa urahisi ambao haukuwapo wakati wa kwenda. Kambi huvunjwa gizani, jiko likipoa hufungwa la mwisho, na kundi hujitahidi liwe limevuka maziwa makubwa kabla ya saa 5 asubuhi. Nyumbani ameachwa mtu mwenye ramani ya njia, namba ya chombo cha ujumbe wa setilaiti, na saa kamili ambayo akifika bila kusikia neno atawapigia simu polisi wa wilaya.