Msema Pweke Hakosi: Filamu Saba za Mwaka 2006 katika Mizani ya Lugha

Sisi tunaofundisha lugha tukikaa mbele ya skrini hatuwezi kuiacha kazi yetu mlangoni. Wenzetu hutazama magari, mavazi na mapigano, sisi husikiliza. Tunajiuliza: nani anasema, anasema kwa lugha gani, na nani amenyimwa nafasi ya kusema? Kwa kipimo hicho tumezitazama upya filamu saba za mwaka 2006 na kuzipanga, kuanzia ya saba hadi ya kwanza. Orodha ni yetu wenyewe. Haikupigiwa kura, na asiyeipenda ana haki ya kuandika yake.

Tumeuchagua mwaka huo kwa sababu mbili. Kwanza, ulikuwa mwaka wa lugha nyingi katika sinema. Kijapani, Kihispania, Kiarabu na Kibambara vilisikika katika filamu zilizosambaa duniani, na watazamaji wakakubali kusoma tafsiri chini ya skrini. Pili, ni mwaka wa The Last King of Scotland, filamu iliyopigwa hapa Uganda. Katika orodha yetu ya zamani tuliiweka ya kwanza bila kusita. Safari hii tumeishusha hadi nafasi ya tano, na ni wajibu wetu kueleza kwa nini.

7. Casino Royale (mwongozaji Martin Campbell). Kama burudani, hii ni kazi safi, na Daniel Craig alimpa James Bond mwili na maumivu ambayo mhusika huyo alikuwa ameyapoteza. Lakini mapema katika filamu tunaonyeshwa kambi ya waasi msituni, na maandishi yanatuambia kwamba hapo ni Mbale, Uganda. Mandhari hayo yalipigwa katika bustani ya Black Park huko Uingereza. Hilo si kosa. Sinema huishi kwa udanganyifu wa namna hiyo. Kosa ni kwamba jina la mji wa watu limetumika kama kibandiko cha hatari. Mbale ya filamu haina soko, haina shule, wala mtu anayeamkia jirani yake. Ina bunduki na mvua tu.

6. Blood Diamond (Edward Zwick). Filamu hii inahusu vita vya Sierra Leone mwishoni mwa miaka ya 1990 na almasi zilizovilipia. Djimon Hounsou anaigiza Solomon Vandy, mvuvi Mmende anayemtafuta mwanawe aliyetekwa na waasi. Uigizaji wake unagusa moyo kuliko wa Leonardo DiCaprio, ingawa hadithi imejengwa kumzunguka DiCaprio. Tunaomba msomaji auangalie vizuri mwisho wake. Solomon anaalikwa mbele ya mkutano ili aeleze yaliyompata. Watu wanasimama, wanapiga makofi, naye anajiandaa kusema. Hapo hapo filamu inakwisha. Tumemfuata kwa zaidi ya saa mbili, na neno lake mwenyewe halikupata hata dakika moja.

5. The Last King of Scotland (Kevin Macdonald). Tuanze na sifa, kwani zipo. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili kwa ajili ya nafasi ya Idi Amin, na tuzo ya Oscar aliyopewa Februari 2007 aliistahili. Amin wake anachekesha, anabembeleza, kisha anatisha kabla hujamaliza kucheka. Kwetu ilikuwa fahari pia kuiona Kampala yenyewe kwenye skrini badala ya mji wa kuigiza. Fahari hiyo ndiyo iliyotupofusha tulipoandika orodha ya kwanza.

Hadithi inatoka katika riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998, na inaonwa kwa macho ya daktari kijana wa Kiskoti, Nicholas Garrigan, ambaye ni mhusika wa kubuni. Daktari Mganda, Junju, anapomsaidia Garrigan kutoroka, anamtaka akaueleze ulimwengu ukweli, kwa kuwa yeye ni mzungu na ataaminiwa. Kisha Junju anauawa. Filamu inatambua basi kwamba Mganda hasikilizwi, lakini haifanyi lolote kulirekebisha hilo. Inalitamka, halafu inapanda ndege pamoja na Garrigan.

Na Kiswahili je? Kinasikika kwa vipande. Mazungumzo yenye uzito, yale ya mapenzi, hofu, siasa na majuto, takriban yote ni ya Kiingereza. Atakayeitetea filamu atasema kwamba Kiingereza ndicho kilichokuwa lugha rasmi, na kwamba Garrigan asingeelewa kingine. Tunakubali. Hata hivyo, hapa Uganda jambo hili lina kidonda chake. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za King's African Rifles, ambamo Amin aliingia mwaka 1946. Mwaka 1973 serikali yake ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Wazee wetu wengi wanakikumbuka kwenye vizuizi vya barabarani, kinywani mwa askari. Kila mwalimu wa Kiswahili nchini humu amewahi kuambiwa kwamba anafundisha lugha ya wanyang'anyi.

Hadithi ya filamu inaishia Entebbe mwaka 1976. Kwa hiyo mtazamaji haoni kwamba Aprili 1979 wanajeshi wa Tanzania walioingia Kampala pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni walizungumza Kiswahili hicho hicho. Lugha iliyotumika kuamrisha watu walale chini ndiyo iliyotumika kuwaambia wainuke. Kiswahili hakikuua mtu. Watu ndio waliouana. Filamu haikudai kinyume cha hayo, lakini imeiacha lugha yetu palepale ilipoikuta, nyuma ya mgongo wa askari. Ndiyo maana imeshuka.

4. Babel (Alejandro González Iñárritu). Risasi moja inafyatuliwa Morocco, na maisha ya watu wa Morocco, Marekani, Mexico na Japani yanatikisika. Ploti yake inategemea mno sadfa, na mara nyingine mkono wa mwongozaji unaonekana waziwazi. Hata hivyo kila jamii inasema kwa lugha yake. Chieko, msichana kiziwi wa Tokyo anayeigizwa na Rinko Kikuchi, anaingia katika ukumbi wa dansi, na ghafla sauti yote inakatika: sisi tunaosikia tunafanywa viziwi pamoja naye. Huko Morocco, mwenyeji aliyewasaidia wageni anakataa pesa anazopewa wakati wa kuagana. Kukataa kwake hakuhitaji tafsiri.

3. Indigènes (Rachid Bouchareb). Hawa ni askari wa Afrika Kaskazini waliopigania Ufaransa katika Vita Kuu ya Pili. Wanazungumza Kiarabu wao kwa wao na Kifaransa mbele ya wakubwa wao, na kila wanapobadilisha lugha tunajua nani yuko karibu. Huu ni ufundi ambao wanafunzi wetu wa isimujamii wangeuchunguza kwa faida. Mmoja wao, Messaoud, anampenda mwanamke Mfaransa, lakini barua zao zinazuiwa na wakaguzi wa jeshi. Kila mmoja anadhani amesahauliwa. Waigizaji wake wakuu walipewa kwa pamoja tuzo ya uigizaji huko Cannes. Mwaka huo huo wa 2006 serikali ya Ufaransa ilitangaza kuzipandisha pensheni za askari wa makoloni yake ya zamani zilingane na za Wafaransa. Ni nadra filamu kugusa mfuko wa mzee aliyesahauliwa. Tulipokuwa tukiitazama tuliwakumbuka askari wa KAR waliopelekwa Burma wakiwa na Kiswahili kama lugha yao ya pamoja. Nani atawatengenezea filamu yao?

2. Letters from Iwo Jima (Clint Eastwood). Mwaka mmoja Eastwood alitoa filamu mbili kuhusu vita vya kisiwa kimoja vya mwaka 1945: Flags of Our Fathers kwa upande wa Wamarekani, na hii kwa upande wa Wajapani. Angeweza kuwafanya Wajapani wake waongee Kiingereza chenye lafudhi, kama ilivyozoeleka. Badala yake aliiongoza filamu kwa Kijapani, lugha asiyoijua. Katika onyesho moja afisa Nishi anawasomea wenzake kwa Kijapani barua iliyokutwa kwa askari Mmarekani aliyekufa. Ni barua ya mama, yenye habari ndogondogo za nyumbani. Askari mmoja anakiri kwamba maneno yale ni kama ya mama yake mwenyewe. Tangu hapo hawezi tena kumwona adui kama shetani. Ukitaka kumweleza mwanafunzi kazi ya mfasiri, mwonyeshe onyesho hilo.

1. Bamako (Abderrahmane Sissako). Katika ua wa nyumba ya kawaida jijini Bamako, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wameshtakiwa. Mawakili wenye majoho wanabishana, na papo hapo wanawake wanatia nguo rangi, mtoto anapita, na ndoa ya mwimbaji Melé na mumewe Chaka inavunjika polepole. Hoja nyingi zinatolewa kwa Kifaransa, na nyingine kwa Kibambara. Mapema kabisa mzee mmoja, Zegué Bamba, anasimama kutaka kusema, naye anaambiwa asubiri zamu yake. Anasubiri. Karibu na mwisho anainuka bila kuitwa na kuimba ushahidi wake kwa lugha yake. Sissako hakuweka tafsiri yoyote chini ya skrini.

Mara ya kwanza tulikasirika. Tulihisi tumenyimwa haki ya mtazamaji. Kisha tukaelewa: kwa muda huo sisi ndio tuliokaa pale alipokaa mzee yule siku zote, tukisikia maneno mazito ya wengine bila mkalimani. Linganisha na Solomon wa Blood Diamond. Mmoja alipigiwa makofi kabla hajasema, mwingine alisema bila kungoja makofi. Pengo kati ya nafasi ya sita na ya kwanza ni hilo.

Wahenga walisema, msema pweke hakosi. Filamu nyingi kuhusu Afrika zimekuwa msema pweke, na ndiyo maana zinaonekana hazina kosa. Watu wetu walilijua hili zamani. Katika vibanda vya video vya Kampala, VJ hushika kipaza sauti na kuifasiri filamu ya kigeni kwa Kiganda, akiongeza mzaha na maoni yake. Wasomi wengine humcheka. Sisi tunaona kwamba anafanya kwa sauti kile ambacho mhakiki hufanya kwa kalamu: anakataa filamu iseme peke yake.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Wanafunzi watakaoletwa na uamuzi huo watakuja darasani na picha vichwani mwao, na baadhi ya picha hizo zimetoka kwenye sinema. Silabasi peke yake haitazifuta. Itafaa tuwape pia hadithi ambamo mtu anatongoza, anagombana, anaomba radhi na kumzika mzazi wake kwa Kiswahili, bila bunduki mkononi. Siku filamu ya namna hiyo itakapopigwa katika mitaa yetu, tutaipanga orodha hii upya kwa furaha. Kwa sasa tunasubiri orodha zenu.