Uzito Usiotokana na Kelele: Jinsi «Africa» ya Amanaz Ilivyojengwa

Albamu ya Africa, iliyotolewa mwaka 1975 na bendi ya Amanaz ya Zambia, ni mlango mzuri kwa msikilizaji wa Malawi, awe Lilongwe au katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, anayetaka kuuelewa muziki wa duumu ya kisaikedeli, yaani ile metali ya mwendo wa pole, gitaa linalonguruma na sauti zinazoelea kama za ndotoni. Yenyewe si metali kamili. Ni Zamrock, roki ya Wazambia wa miaka ya 1970. Hata hivyo viungo vyote vimo, na baadhi ya nyimbo zina maneno ya Kinyanja, lugha ambayo Lilongwe wanaiita Chichewa. Nashikilia kwamba uzito wa muziki wa aina hii hautokani na kelele wala mitambo ya bei kubwa. Unatokana na muda: jinsi mpigaji anavyoiachia noti iishe yenyewe, na anachokiweka katika nafasi inayobaki.

Tufanye hesabu. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una nusu sekunde kati ya pigo na pigo. Wa mapigo 60 una sekunde nzima. Mwangwi wa sekunde mbili ukitiwa kwenye wimbo wa kwanza unafunika mapigo manne, kodi zinapandana na sikio halipambanui kitu. Ukitiwa kwenye wa pili unafunika mapigo mawili tu, na kila kodi inasikika ikiondoka kabla nyingine haijaingia. Kwa hiyo ndoto ya saikedeli inahitaji kwanza mwendo wa pole. Lakini mwendo huo una hatari yake: noti ya gitaa safi hufifia mapema na wimbo ukabaki na mashimo. Hapo ndipo fazi inapofanya kazi. Kifaa hicho hukata vilele vya wimbi la sauti, hivyo mwanzo wa noti na mkia wake hukaribiana kwa nguvu, na noti hukaa hewani muda mrefu zaidi. Black Sabbath wa Birmingham waliongeza jambo la tatu. Tony Iommi, aliyekatika ncha za vidole viwili kiwandani mwaka 1965, alilegeza nyuzi za gitaa lake; katika Master of Reality ya mwaka 1971 baadhi ya nyimbo zimeshushwa nusu-toni tatu, uzi mnene ukatoka takriban hezi 82 hadi 69. Jeraha la mkono likageuka kuwa mtindo wa dunia nzima.

Africa inatupa ushahidi ambao albamu chache zinao. Nyimbo zake zilichanganywa studio kwa namna mbili, moja kavu na nyingine yenye mwangwi mwingi, na kampuni ya Now-Again ya Marekani ilipoitoa upya iliziweka zote mbili pamoja. Wapigaji ni walewale, upigaji ni uleule. Ukisikiliza «History of Man» iliyo kavu, fazi na ngoma ziko karibu na sikio na wimbo una uzito tayari. Katika mchanganyo wa pili uzito hauongezeki. Kinachoongezeka ni umbali. Maana yake ni kwamba uzito uliamuliwa na mikono ya wanamuziki, na ndoto ikaamuliwa baadaye na fundi mitambo. Ni maamuzi mawili tofauti, na anayeyachanganya huishia kutafuta kwenye mashine kitu ambacho hakukipiga.

Wapo watakaosema mwangwi ni pazia la kufichia rekodi dhaifu. Mara nyingi ni kweli, lakini hapa mchanganyo mkavu unasimama peke yake, kwa hiyo hakuna kilichofichwa. Wengine watasema Africa ina nyimbo nyepesi mno kuitwa duumu. Nakubali, jina halinishughulishi, ufundi ndio unaonishughulisha. Pingamizi zito zaidi ni la tatu: Dzaleka, iliyokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Banda na kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, sasa ina watu zaidi ya 50,000 mahali palipokusudiwa watu 10,000 hivi. Muziki huu wawafae nini? Jibu langu ni kwamba watu hao wana wasanii, na Tamasha la Tumaini, linalofanyika huko tangu 2014, limewaleta wakazi wa Lilongwe hadi kambini kuwasikiliza. Msanii wa kambini aliyelelewa na rumba ya Kongo anajua tayari kugawa kazi kati ya gitaa la ridhimu, mi-solo na solo. Sebene, ile sehemu ya rumba ambapo magitaa hushika kasi, humfundisha kujaza kila upenyo. Duumu inamtaka auache wazi. Ujuzi upo, kinachobadilika ni subira.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kujaribu Dzaleka au Lilongwe asianze na programu za mwangwi. Apunguze mwendo, ashushe nyuzi, arekodi pakavu kabisa, kisha asikilize. Wimbo ukikosa uzito hapo, arudi kwenye upigaji, maana mwangwi hautaukomboa. Ukiwa nao, mwangwi utakuwa na kitu cha kubeba.