Mbio Zinazohesabiwa na Simu

Msomaji kijana, yamkini umesikia sifa za Strava, programu iliyoanza Marekani mwaka 2009. Simu hunasa ishara za setilaiti, hupima mahali ulipo kila baada ya nukta chache, kisha hujumlisha vipande hivyo vikawa kilomita na dakika. Mwalimu wa mbio aweza kushawishika kuitumia ili kuwatia wanafunzi hamu. Chombo hiki kina manufaa, lakini chastahili kuhukumiwa kwa kazi yake.

Barabarani kipimo chake ni chema, uwanjani ni dhaifu. Kosa la mita chache si kitu kwa mtu atokaye Busia kwenda Malaba. Katika mzunguko wa mita 400 laweza kumzidishia mmoja na kumpunguzia mwingine. Hapo saa ya mwalimu hushinda.

Neno zito zaidi ni orodha. Programu hupanga majina tangu wa kwanza hata wa mwisho. Aliye juu huongeza bidii. Aliye wa arobaini, je? Huyu ndiye hasa aliyehitaji kutiwa moyo, naye hutangaziwa unyonge wake kila jioni. Kesho atasingizia tumbo. Na asiye na simu hayumo kabisa. Heri kila mmoja apimwe kwa mbio zake mwenyewe za juma lililopita, na kazi hiyo daftari laiweza. Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna mwaka 2019, ana desturi ya kuandika mazoezi yake kwa kalamu. (Na vijana wa Busia waliovusha abiria mpakani kwa baiskeli, wakaizalia dunia jina la bodaboda, walijenga mapaja yao pasipo kihesabio chochote.)

Wala tarakimu si hekima daima. Zile hatua 10,000 za kila siku zilienea kutokana na jina la kihesabu-hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, si kutokana na uchunguzi wa waganga.

Kisha iko hatari. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba ramani ya Strava ilifichua njia za askari ndani ya kambi zao. Ikiwa askari walionekana, je, msichana aanzaye mbio alfajiri mlangoni kwao, katika mji wa mpakani ambamo malori hulala foleni na wageni hawajuani? Programu ina njia ya kuficha mwanzo na mwisho wa safari. Mwalimu na aiweke kabla ya kupuliza filimbi ya kwanza.