Mbotela na safari ya neno 'ungwana'

Juma hili hebu tulitazame swali moja fupi. Kwa zaidi ya miaka hamsini Wakenya walilisikia redioni, na baadaye wakamwona mwenye kuliuliza kwenye televisheni: Je, huu ni ungwana? Leonard Mambo Mbotela alikianzisha kipindi hicho mwaka wa 1966, enzi za Sauti ya Kenya, shirika ambalo leo ni KBC. Alipofariki Februari 2025 akiwa na umri wa miaka 84, karibu kila rambirambi niliyoisoma ililirudia swali hilo.

Rambirambi zilimsifu kwa sauti, kwa Kiswahili chake kitamu na kwa utangazaji wake wa kandanda. Anastahili yote. Ila sikuona hata moja iliyojiuliza ni nani alikuwa akiuliza, na alikuwa akilitumia neno gani.

Mbotela alizaliwa Freretown, Mombasa, mwaka wa 1940. Freretown ni kijiji kilichoanzishwa na wamishenari wa CMS katika miaka ya 1870 ili kuwapokea watu waliokombolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Kengele yao ingali pale, na ndiyo iliyopaeneza pakaitwa Kengeleni. Mtu wa ukoo wake, James Mbotela, ndiye mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1934. Kwa hiyo historia ya utumwa haikuwa jambo la kusoma shuleni tu katika nyumba hiyo.

Sasa lichukue neno lenyewe. Katika miji ya kale ya Waswahili, mwungwana hakuwa mtu wa adabu tu. Alikuwa kwanza mtu huru, mwenye nasaba inayojulikana. Adabu ilidhaniwa kuwa inafuata damu. Kinyume chake kilikuwa mtumwa. Ndiyo maana wapagazi wa misafara ya karne ya 19, walipovuka kwenda bara, walijiita waungwana hata pale ambapo wengi wao walikuwa bado na mabwana Unguja. Kwani huko Manyema nani angewauliza nasaba? Kiswahili walichokiacha Kongo kikaitwa Kingwana hadi leo.

Basi mtoto wa Freretown, mahali ambapo kwa kipimo cha zamani hapakuwa na mwungwana hata mmoja, akaja akakaa mbele ya kipaza sauti na kuliuliza taifa zima kama lina ungwana. Hilo si jambo dogo. Wapo watakaonikumbusha kwamba methali "uungwana ni vitendo" ilikuwepo kabla yake. Ni kweli. Lakini ni nani aliyekuwa na haja ya kuisema? Mwenye nasaba hakuhitaji vitendo kumthibitisha. Methali hiyo ni hoja ya aliyefungiwa mlango, na Mbotela aliipa masafa ya redio. Leo nikiwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza kinyume cha mwungwana, hunijibu "mtu asiye na adabu". Hakuna anayesema mtumwa. Kamusi peke yake haikuifanya kazi hiyo. (Kamusi, kwa taarifa yako, huandika "uungwana" kwa u mbili. Kipindi kilisema kama mdomo unavyosema, na sijaona hasara yake.)

Hayo ni ya kusifu. Lakini mhakiki hapewi kalamu ili asifu tu.

Litazame swali kisarufi. "Huu" ni kionyeshi kinachokubaliana na ungwana. Hakionyeshi mtu. Hamna "wewe", hamna "yule", hamna mtenda. Kitendo kinasimama kizimbani peke yake. Hiyo ndiyo staha ya Kiswahili, ya kumkanya mtu bila ya kumvunjia heshima, na ndiyo sababu msikilizaji aliyejitambua katika kisa aliweza kucheka badala ya kukasirika. Linganisha na Mbotela yule yule akitangaza mpira. Huko kila sentensi ina mtenda: fulani kapokea, kampiga chenga fulani, kakosa bao la wazi. Uwanjani aliwataja watu kwa majina na makosa yao.

Sentensi isiyo na mtenda ina faida nyingine, nayo ni usalama. Kipindi kiliishi katika shirika la serikali tangu Mzee Kenyatta, kikampitia Moi, kikampitia Kibaki. Kilikemea adabu zetu sisi wadogo: tabia za mgeni, za jirani, za njiani. Sikumbuki kulisikia swali likipanda ngazi kwenda kwa waziri aliyemeza pesa za barabara. Mbotela mwenyewe aliwahi kuhudumu katika kitengo cha habari cha rais, na si siri kwamba mwajiri ana mkono mrefu. Ungwana uliotolewa katika nasaba ukafungiwa katika tabia za sebuleni, ilhali maana yake ya kale, uhuru, ingefaa sana miaka ile.

Sitaki kuonekana mkatili. Agosti 1, 1982, askari wa Jeshi la Anga walioasi walimchukua na kumlazimisha asome tangazo la kuipindua serikali. Walikuwa na bunduki, walikuwa na studio, na bado waliona hawajakamilika bila ya sauti yake, kwa sababu hiyo ndiyo wananchi waliyoiamini. Mtu aliyeonja hivyo ladha ya siasa hewani hatashangaza mtu akiegemea mambo ya adabu.

Lakini swali aliloliacha halina hofu alizokuwa nazo mwenyewe. Kionyeshi "huu" kinaweza kuelekezwa popote, kwenye foleni ya benki au kwenye bajeti ya kaunti. Watangazaji wa vipindi vya asubuhi, ambamo mume na mke hupigiwa simu ili waumbuane mbele ya taifa, wamebaki na majina ya watenda tu. Ungwana wameutoa kabisa.