Karatasi Ina Ukoo

Lubao, kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Webuye, inajulikana kwa soko lake la mbwa. Siku ya soko wanaletwa wamefungwa kamba shingoni, na mnunuzi mjanja haanzi na bei. Anauliza: huyu ametoka boma gani? Mama yake ni yupi? Mbwa asiyejulikana atokako hununuliwa kwa mashaka, hata awe na kifua kipana namna gani.

Mtunza nyaraka naye huanza na swali hilohilo. Karatasi ikimfikia mezani, hakimbilii kusoma inasema nini. Anataka kujua imetoka ofisi gani, ilikaa katika jalada lipi, na ilifuatana na barua zipi. Chomoa lalamiko la shamba katika jalada lake, ukaliweke pamoja na malalamiko mengine ya mashamba, nalo litageuka yatima: hutajua tena nani alilipokea, nani alilijibu, wala nani alilikalia mpaka mlalamishi akachoka. Ndiyo maana fundi wa kazi hii hachanganyi vya ofisi moja na vya nyingine, wala havurugi mpangilio alioukuta, hata ukimkera. Mimi ningeshindwa. Mikono yangu hupenda kupanga.

Kenya ilitunga sheria ya nyaraka za taifa mwaka 1965. Makao makuu ya hifadhi ya nyaraka hizo yako Moi Avenue, Nairobi, katika jengo lililokuwa benki, na maelfu ya watu hupeana miadi mbele yake bila kuwahi kuingia. Kakamega nayo ina kituo chake, katika mji unaopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, jambo ambalo mahindi hulifurahia na karatasi huliogopa. Hapo kazi ni ya vidole: kung'oa pini zilizoshika kutu bila kuchana ukurasa, kupangusa vumbi kwa brashi laini, kuwinda mchwa. Msomaji akiingia huandika kwa penseli, maana tone la wino halifutiki.

Chukua alama moja tu ya majalada: DC/NN. DC, mkuu wa wilaya, kila Mkenya wa makamo anamjua. NN ni North Nyanza. Lakini fungua ripoti za miaka ya 1930 zilizomo na utakuta wilaya inaitwa North Kavirondo, kwa kuwa jina lilibadilishwa mwaka 1948. Asiyejua ukoo huo atahangaika mchana kutwa. Anayeujua atafika mahali pazuri: dhahabu ya Kakamega iliyozua kishindo mwaka 1931. Sheria ya ardhi ya 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi yao ikichukuliwa watapewa nyingine badala yake, na kwamba baraza lao litaulizwa kwanza. Desemba 1932, ili dhahabu ichimbwe, ikarekebishwa: fidia ingeweza kuwa pesa, na baraza si lazima liulizwe. Ahadi haikumaliza hata miaka mitatu. Soma sheria hiyo peke yake, ni maneno makavu. Isome katikati ya ripoti za wilaya za miaka ileile na utaanza kusikia nani alikuwa na haraka.

Waingereza wenyewe wanaijua kazi hii vizuri. Bedfordshire ilikuwa na ofisi ya nyaraka za kaunti tangu 1913. F. G. Emmison alijifunzia hapo, akaenda kuongoza ya Essex mwaka 1938 na kukaa mpaka 1969, akitunza hata daftari za vijiji. Katikati ya utumishi wake huo, maafisa wa serikali yake walikuwa wakichoma majalada ya Kenya na kuyasafirisha mengine kabla bendera haijashushwa 1963. Mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi yake ikiendelea London, ndipo serikali hiyo ilipokiri kwamba imeficha katika kituo chake cha Hanslope Park majalada yapatayo 8,800 ya makoloni 37, kama 1,500 yakiwa ya Kenya. Miaka miwili baadaye ilikubali kutoa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya wazee 5,228. Majalada sasa yako Kew, katika hifadhi ya nyaraka za taifa ya Uingereza, yakiitwa FCO 141, alama isiyotaja Nairobi wala Kakamega. Mchoma karatasi na mtunza karatasi walikuwa wa nchi moja, na mimi namheshimu wa pili, ambaye kazi yake ni nadra kupigiwa makofi.

Nawe msomaji, ukirithi sanduku la marehemu lenye stakabadhi za kodi, mkataba wa shamba na barua kutoka kwa mwana aliyekuwa Nairobi, usilipange upya. Acha kila fungu na kamba yake. Andika kwa penseli limetoka katika nyumba ya nani, liinue kutoka sakafuni, kisha ulipeleke Kakamega wakalitazame.